Msimamizi Aliyeogopa

Juzi niliunguza chapati. Nilikuwa nimeiacha kwenye moto nikaenda kumfungulia jirani lango, na hapa kwetu mtaa wa Dallas, Embu, ukimfungulia jirani lango ujue mazungumzo yatafika hadi harusi ya mpwa wake. Niliporudi jikoni moshi ulikuwa umetanda, na ile harufu ya unga mkavu unaokaribia kuwa makaa ikanipokea mlangoni. Mume wangu akapaza sauti kutoka sebuleni akiuliza kama nyumba inaungua. Nilikuwa nimeshafika Timau, nina miaka kumi na mmoja, nimekalia debe katika chumba cha kuokea hostia, mikate ya komunyo, na Sista Maria ananiambia nisiguse chuma.

Timau ya siku hizo ilikuwa na baridi kuliko ya sasa, au labda ni sisi tuliokuwa na nguo chache. Baba aliendesha trekta katika shamba kubwa la ngano, na mama alifua nguo kwenye nyumba ya masista. Nyumba hiyo ilikuwa ukingoni kabisa, pale mlima unapoanza kuteremka kuelekea kaskazini. Asubuhi isiyokuwa na ukungu ungesimama kwenye kamba ya nguo ukaona nchi tambarare yote ya Isiolo, rangi ya kahawia, na milima ya mbali, na nyuma ya milima hiyo hakuna kitu ila mbingu. Ni huko Sista Maria alikotoka.

Alikuja kwa lori la mbuzi, amevaa koti la mwanamume, na hakuwa na kitu mkononi. Katika nchi yake askari walikuwa wamempindua mfalme, na walipomaliza na mfalme wakaanza kuwapindua watu wengine wote. Masista sita aliokaa nao waliuawa. Yeye alipona. Hayo ndiyo tuliyoyajua, na yalitosha kuwafanya akina mama wa Timau wamgeuze mtakatifu kabla hajamaliza wiki. Walimshika upindo wa nguo kanisani. Walimletea watoto wenye homa awaguse. “Huyu ni shahidi anayetembea,” walisema. Naye akiwaona wanakuja alikuwa akipita mlango wa nyuma, kupitia kwa kuku.

Sista Mkuu, Mmeru mnene wa Imenti aliyependa kucheka, ndiye aliyeona kwamba mgeni wake anahitaji kazi ya upweke. Akampa kazi ya hostia. Ilikuwa hivi: unakoroga unga wa ngano na maji matupu, unamimina kijiko kimoja juu ya chuma kilichopashwa moto, unakifunga, unahesabu polepole, unakifungua. Unatoa karatasi nyeupe nyembamba ambayo ukipumua vibaya inavunjika. Kisha unakata viduara kwa kibati kikali. Vipande vya pembeni vinabaki, na vipande hivyo vilikuwa vyangu. Kila Jumamosi baada ya mafundisho nilimngojea mama humo ndani kwa sababu kulikuwa na joto, na Sista alinijazia kiganja bila kusema neno. Mama alinihakikishia kwamba vipande hivyo bado havijawa Yesu, lakini mimi nilivila kwa heshima, nisije nikakuta vimeanza.

Mwaka huo nilikuwa najiandaa kwa kipaimara. Wakatoliki wa rika langu mnakumbuka lile kofi. Askofu alikupaka mafuta kwenye paji la uso kisha akakupiga kofi dogo shavuni, kukukumbusha kwamba Mkristo lazima awe tayari kuteseka. Lakini kwetu sisi kofi hilo lilipitia kwanza kwa Katekista M'Ikiara, ambaye wote walimwita Mwalimu, mtu mwema mwenye mikono ya jembe, ambaye hakuwahi kusimulia jambo dogo likabaki dogo.

“Mtu akifunga macho Askofu akimpiga, huyo ni wa kumkana Kristo,” alituambia. “Nitakuwa nikiangalia. Kofi ya Askofu si ya mchezo.”

Basi tukaanza mazoezi. Nyuma ya kanisa, kando ya tangi la maji, tulipanga mistari miwili tukapigana makofi kwa zamu. Kulikuwa na wasichana waliopigwa hadi shavu likawa jekundu na jicho halikutikisika. Mimi nilifunga macho hata kabla mkono haujanyanyuliwa. Nilifunga macho nikiona tu mtu anajikuna. Wenzangu walinicheka, nikacheka nao, lakini usiku ule sikula vizuri, na mama akadhani nina minyoo.

Hata hivyo si kofi lililonitia hofu ya kweli. Ni kitabu.

Jumamosi moja M'Ikiara alikuja na daftari kubwa jeusi, zito kama tofali, akaliweka juu ya meza. Akasema kila mtoto alete jina lake kamili, la baba, la mama, na la msimamizi, yule mtu mzima atakayesimama nyuma yake ameweka mkono begani. “Nitaandika kwa hii kitabu, na haitafutwa mpaka mwisho wa dunia. Siku ya Askofu nitasoma jina yako kwa sauti. Unasimama, unasema ‘Nipo.’ Kutoka hapo wewe ni askari wa Kristo, uko tayari kufa.”

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemsikia mama akimsimulia baba jikoni, kwa Kimeru na kwa sauti ya chini, mambo aliyoambiwa na Sista Mkuu. Kwamba wale askari wa kaskazini walifika kwa masista wakiwa na karatasi ya majina. Kwamba waliyasoma moja moja, na kila aliyeitwa akatoka.

Sasa jiwekeni mahali pangu. Mambo hayo mawili yalikutana kichwani mwangu yakawa kitu kimoja. Nilielewa, kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena juu ya jambo lolote, kwamba daftari la M'Ikiara ndilo linalotumiwa. Askari watapanda kutoka kule chini, wataenda moja kwa moja kanisani, watafungua kitabu, na wataanza kuita. Watoto ambao hawajapata kipaimara hawamo, kwa hiyo watabaki salama. Ndiyo maana inafanywa ukiwa mkubwa, ili uwe umeshaishi kidogo. Na kwa kunimaliza, M'Ikiara alikuwa ametueleza habari za watakatifu wetu wa ubatizo, na Agnes wangu, kumbe, alikuwa msichana wa umri kama wangu aliyekatwa kichwa.

Jumamosi iliyofuata niliumwa tumbo. Iliyofuata tena niliumwa sikio. Mama alininywesha mafuta ya mbarika kwa yote mawili. Asubuhi nilisimama kwenye kamba ya nguo nikiangalia tambarare ya Isiolo, na kila vumbi lililoinuka nililihesabu kuwa lori la askari. Mwishowe jina langu likabaki peke yake. M'Ikiara alinikuta njiani akanishika sikio, lile lisilouma.

“Kathure, kitabu inakungoja wewe tu. Jumamosi hii ni mwisho. Askofu hatarudi huku karibuni.”

Nyumbani mama alikuwa ameshashona gauni jeupe kwa mkono, jioni baada ya jioni, na macho yake hayakuwa mazuri. “Ukinikosesha hii kipaimara,” aliniambia, “utakuwa umeniua na sindano mkononi.” Kwa hiyo nilikuwa na vifo viwili vya kuchagua, changu na chake.

Jumamosi hiyo, kabla ya mafundisho, nilienda kwenye chumba cha hostia. Sista Maria alikuwa amefunga chuma na anahesabu. Nilikalia debe nikamwuliza bila hata kumwamkia.

“Sista, kama jina lako halingekuwa kwa kitabu ya kanisa, wale askari wangejua kukuita?”

Aliacha kuhesabu. Alinitazama muda mrefu, hadi moshi ukaanza kutoka kwenye chuma, na harufu ile ikajaa chumba. Hakukifungua.

“Nani amekwambia?”

Nikamwambia yote. Kitabu, karatasi, kofi, macho yangu yasiyokubali kukaa wazi, Agnes na kichwa chake. Nilitegemea atacheka, kwa sababu watu wazima hucheka. Yeye alitoa kile kipande kilichoungua, akakiweka pembeni, akavuta kiti akakaa mbele yangu magoti yetu yakigusana.

“Hiyo kitabu si ya askari,” alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia barabarani, alikitoa neno kwa neno. “Ni ya Kanisa kukumbuka wewe.”

“Lakini wakija wanaweza kuisoma.”

“Ndiyo. Wanaweza.”

Namshukuru kwa jibu hilo hadi leo. Angeweza kunidanganya kwa wema, na ningejua, na nisingemwamini mtu mzima tena. Badala yake alinijibu kama mtu anayemjibu mtu.

“Wale masista wenzako,” nikauliza, “wao hawakuogopa?”

“Waliogopa. Sista Ana alijikojolea. Mimi niliona maji kwa sakafu.”

“Halafu?”

“Halafu wakamwita. Akaenda.”

Katika mafundisho yote ya M'Ikiara hapakuwa na shahidi aliyejikojolea.

“Waliambiwa watie sahihi kwamba hakuna Mungu, na waache wagonjwa wa zahanati, waende kwao,” aliendelea. “Mama Mkuu wetu alikataa. Sote tulikataa. Hata mimi. Kukataa mchana, watu wakiwa wengi, si kazi. Lakini walirudi na karatasi. Mimi nilikuwa stoo ya unga, nikajificha nyuma ya magunia. Kulikuwa na nafasi kwa mbao, nikaona. Waliita mmoja, akasema nipo. Wa pili, nipo. Jina yangu ilikuwa ya mwisho. Waliita mara tatu. Mimi nilifunga mdomo na hii mkono.” Akanionyesha mkono wenyewe, wa kulia, umejaa unga. “Mama Mkuu akawaambia, huyo amekufa. Yeye alikuwa hasemi uongo. Uongo ya kwanza maisha yake, alisema kwa sababu yangu. Wakaondoka nao.”

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nililia kwa sababu ya ubinafsi kidogo, lazima niseme. Nililia kwa furaha ya kumpata mtu mwingine anayeogopa. Nilidhani niko peke yangu Timau nzima.

“Sista,” nikasema, “uwe msimamizi wangu.”

Alisimama haraka. “Mimi? Hapana. Tafuta mtu jasiri. Mke wa Mwalimu.”

“Mke wa Mwalimu haogopi hata nyoka. Nikitetemeka atanifinya.”

“Na mimi nitafanya nini?”

“Wewe utatetemeka na mimi.”

Sikusema hivyo kwa hekima. Nilisema kwa sababu ndicho nilichotaka. Alinipa mgongo, akaanza kukwangua chuma kwa kisu, akakikwangua muda mrefu hata kilipokuwa kimekwisha kuwa safi. Nje niliwasikia wenzangu wakikimbilia mafundisho. Nikafikiri amekataa, nikashuka kwenye debe.

“Mwambie Mwalimu aandike Tekla,” alisema bila kugeuka. “Maria si jina yangu. Maria ni jina nilisema kwa dereva wa lori.”

Mama aliposikia alishika kiuno. Alikuwa tayari ameongea na mke wa M'Ikiara, na mambo hayo kwetu hayavunjwi hivi hivi, mtu amekwisha kununua kitambaa cha kichwa. “Unataka yule sista hata haongei?” aliuliza. Kisha akanitazama vizuri, akaona labda kwamba sikio na tumbo vimepona siku moja, akafunga safari kwenda kuomba radhi na kuku mmoja chini ya kwapa. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno matamu. Kuku yule alikuwa anataga. Nilikuja kuelewa baadaye sana ukubwa wa jambo alilonifanyia.

Siku ya Askofu kulikuwa na jua na upepo mkali, ule wa Timau unaopenya gauni kana kwamba hukuvaa kitu. Kanisa lilijaa hadi nje. Tulikaa mbele kwa mistari, na wasimamizi nyuma yetu. M'Ikiara alisimama na daftari, amevaa tai, akaanza kuita. Jina la mtoto, kisha la msimamizi. Nipo, nipo. Nipo, nipo. Mstari ulisogea.

“Agnes Kathure!”

Nilisimama. Nilisema nipo kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

“Msimamizi wake, Sista Tekla!”

Hakuinuka mtu. Watu wakageuka, kwa sababu hakuna aliyemjua Sista Tekla. Nilikuwa sijausikia mkono begani. Upepo ulitikisa mabati.

“Sista Tekla!”

Niligeuka, ingawa tulikatazwa kugeuka. Alikuwa ameketi, uso umekauka, na mkono wake wa kulia uko mdomoni. Sista Mkuu upande wa pili alikuwa ameinuka nusu, tayari kumtetea, labda kusema kwamba huyu ni mgonjwa, apitwe. Nami niliona waziwazi kwamba akipitwa sasa, hatatoka tena katika ile stoo. Nilinyoosha mkono wangu nyuma tu, nikauacha hapo.

M'Ikiara alivuta pumzi aite mara ya tatu. Kabla hajaita, nilisikia benchi likilia.

“Nipo,” alisema Sista Tekla. Kisha, kana kwamba moja haikutosha, akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi kuliko mtu yeyote siku hiyo, “Nipo!”

Tulitembea hadi kwa Askofu tukitetemeka wote wawili. Mkono wake begani mwangu ulikuwa unacheza hivi kwamba pini ya kola yangu ilifunguka. Nakumbuka harufu ya mafuta ya krisma, nakumbuka pete, nakumbuka nikiwaza kwamba lazima nisimame wima kwa sababu nikianguka naye ataanguka. Kofi silikumbuki. Wenzangu waliniambia baadaye kwamba Askofu alinigusa tu kwa vidole viwili, na kwamba macho yangu yalikuwa wazi kabisa, lakini sina ushahidi.

Baada ya misa wasimamizi walipanga mstari nje, kwenye ua wa saipresi, kutia sahihi daftarini. Wengi waliweka dole gumba. Zamu yetu ilipofika, Sista alichukua kalamu akainama. Nilidhani jina lake ni refu, maana aliandika, akaandika, akafika mwisho wa nafasi yake, akapanda pembeni mwa ukurasa, akashuka upande wa pili. M'Ikiara aliruka.

“Sista, Sista! Mtoto moja, msimamizi moja. Hiyo ni sheria ya Kanisa!”

“Mwalimu,” alimjibu kwa upole, “huyu ako na saba.”

M'Ikiara alisoma. Tekla, na baada ya Tekla majina sita, Ana akiwa wa kwanza. Aliyesoma kwa sauti kila kitu maishani hakusoma hayo kwa sauti. Aliinama akapuliza wino hadi ukakauka, akafunga daftari polepole, na tangu siku hiyo hakutusimulia tena habari za kufunga macho. Nami, mtoto nisiyekoma kupiga mahesabu yangu ya ajabu, nikaona kwamba askari wakija na kitabu hicho watatukuta tuko wanane, na sita kati yetu hawawezi kuuawa tena. Jioni hiyo nilikula sahani mbili za mukimo. Sista Tekla, aliyekuja nyumbani kwetu, alikula tatu.

Wale askari nao walipinduliwa baadaye, kama inavyokuwa, na akarudi kwao kuifungua ile zahanati. Kwa miaka mingi aliniandikia barua kila Krismasi. Nimekuwa mwoga maisha yangu yote, sijapona. Nimeogopa madaktari, nimeogopa mitihani ya watoto wangu, nimeogopa simu zinazolia alfajiri. Lakini nikiitwa huwa naitika, na namshukuru Mungu kwa mtu aliyenifundisha kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Nilipotaka kuolewa nilirudi Timau kuchukua cheti cha kipaimara. Padri alikuwa kijana, mgeni wa parokia. Alifungua daftari, akapitisha kidole, akasimama. Aliugeuza ukurasa huku na huku ili asome pembeni.

“Dada, hapa kuna makosa. Mahali pa msimamizi wameandika watu saba.”

“Si makosa, Padri.”

Alinitazama, akatazama fomu yake. “Sasa nitaandika nani? Hii cheti iko na nafasi ya jina moja tu.”

“Andika wote,” nikamwambia. “Andika kwa herufi ndogo.”